Mguu wa Kuku Ndani ya Mpini

Dhoruba kubwa ilipoisukuma bahari mpaka madirishani mwa watu wa Palo, Eutiquio Badiola alipandisha vitu viwili juu ya paa: dada yake, na upanga wa baba yake. Alianza na dada, tusimsingizie mzee wa watu. Alimsukuma Mana Rosing (kwetu mana ni dada mkubwa, mano ni kaka) juu kama gunia la mpunga, akamfunga kwenye boriti kwa kamba, ndipo akarudi chini, maji yakiwa kifuani, kuutafuta upanga. Kofia zake za chuma, chupa za maji za askari, beji, darubini, vyote alivyookota na kununua tangu ujana wake vilikwenda na maji, wala hakugeuka kuvitazama. Alikaa juu ya paa mvua ikimchapa, upanga ameufunga mgongoni kwa mkanda wa suruali, na suruali yenyewe ikimteremka.

"Tikyo," Mana Rosing alimwambia palepale, meno yakimgongana kwa baridi, "tukifa leo watakukuta una chuma mgongoni na makalio nje."

Tikyo akaukaza mkanda. Upanga ule haukuwa kitu cha kufanyiwa mzaha.

Kwetu kisiwani Leyte kukusanya vitu vya vita si wazimu wa mtu mmoja. Vita vilitushukia kutoka baharini. Wajapani walikuwa ndani, Wamarekani wakaja na meli zao, na waliobaki hai wakaokota. Mpaka leo ukichimba shimo la choo unaweza kukutana na kofia ya chuma. Yupo bibi anayelishia kuku ndani ya kofia ya askari, na lipo kanisa dogo ambalo maua ya altare yamekaa ndani ya ganda la mzinga. Wengi wetu tunaokota na kusahau. Wengine, kama Tikyo, wanaokota na kupotelea humohumo. Mkewe, Mungu amrehemu, alikufa akiwa bado anauliza ataweka wapi sufuria zake.

Tikyo alikuwa fundi wa magari, amestaafu, mkali kama pilipili. Katika chama cha wakusanyaji wa Palo ndiye aliyekuwa jicho. Hasa kwa panga za maafisa wa Kijapani. Upanga wa namna hiyo husomwa mahali pasipoonekana: unagonga kigingi cha mwanzi kinachoushika mpini, mpini unavuka kama soksi, na ndani yake unakuta mkia wa upanga una kutu nyeusi ya miaka mingi na jina la mhunzi limechongwa. Kutu hiyo haiguswi. Mjinga akiisugua ing'ae, ameua shahidi.

Na mashahidi walihitajika, maana feki zilikuwa tele. Baada ya vita kila askari wa Kimarekani alitaka kurudi kwao na upanga wa adui, na panga za adui hazikutosha. Wahunzi wa huku wakawapa walichotaka. Mmoja wao alimkosesha Tikyo usingizi. Jina lake hakuna aliyelijua, lakini ndani ya mpini alikuwa akichonga alama ya mistari mitatu iliyokutana, kama mguu wa kuku, kwa hiyo Tikyo alimwita Jogoo. Tena nyuzi za mipini yake zilizungushwa kinyume, kushoto kwenda kulia, jambo ambalo Mjapani hafanyi. "Huyu Jogoo alikuwa fundi njaa," Tikyo alipenda kuwaambia watu. "Hata kudanganya hakujua."

Ndiye aliyeweka kanuni ya chama: hakuna upanga unaoingia kwenye maonyesho ya Oktoba, siku za kukumbuka kushuka kwa majeshi, bila kufunguliwa mbele ya mwanachama mwingine. Ndiye aliyebuni pia Meza ya Aibu. Feki zote ziliwekwa pale, kibao juu yake, na watu wakapita wakicheka. Mwaka uliotangulia aliuweka pale upanga wa Pido Sabulao, mwuza chakula cha kuku, ambao Pido alikuwa ameuagiza kutoka Amerika kwa mtoto wa askari marehemu. Ulikuwa wa Jogoo. Pido alisimama kando siku nzima akitabasamu kwa meno tu.

Upanga wa Tikyo mwenyewe haukuwahi kufunguliwa. Huo ulilala kila mwaka katikati ya ukumbi juu ya kitambaa chekundu, na habari zake zilijulikana na kila mtoto wa shule. Baba yake, Anselmo mhunzi, alilala kwenye matope ya mto Binahaan mpaka afisa wa Kijapani alipopita, akamkata kwa panga la kufyekea, akautwaa upanga wake. Kigingi Anselmo alikiziba kwa lami. Nyuzi za mpini zilipooza, alizibadilisha mwenyewe kwa nailoni ya kuvulia samaki. Aliwaambia wanawe wasiufungue kamwe, nao hawakuufungua.

Sasa baada ya dhoruba ukaanza kutoa machozi. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia ndani ya mpini, na kila kulipokuwa na joto tone la kutu lilichungulia chini ya nailoni. Pido aliliona tone hilo alipokuja kuandikisha vitu vya maonyesho.

"Mano Tikyo, chumvi inakula humo ndani. Usipoufungua, mwakani utabaki na mpini mtupu."

"Utakauka wenyewe."

"Na kanuni je?"

"Kanuni ni kwa panga zisizo na shahidi. Wangu una shahidi. Baba yangu alikuwepo, au wewe ulikuwepo?"

Pido akacheka. "Kumbe! Wa kwangu uliuvua nguo mbele ya mama mkwe wangu. Wa kwako una heshima zake. Nyani haoni kundule, Mano."

"Unaniita nyani?"

"Naiita kanuni. Uliiandika kwa mkono wako."

Tikyo alikasirika hadi masikio yakawa mekundu. Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe. Angekataa, mji mzima ungejua kufikia jioni kwamba Tikyo Badiola anaogopa kigingi. Na kwa kweli hakuogopa. Alikuwa na hakika kama alivyokuwa na hakika kwamba ana magoti.

"Kesho dukani kwako," akasema. "Na ujiandalie kiti cha kukalia ukiniomba msamaha."

Kesho yake Pido alifunga mlango wa nyuma wa duka, akatandika taulo juu ya magunia ya chakula cha kuku. Pembeni alikuwa ameweka galoni la tembo la mnazi. Tikyo aliliona na akajua lilikuwa la kumsherehekea akianguka. Akaamua kwamba wakimaliza atalinywa lote yeye. Alilainisha lami kwa pasi ya moto, akaikwangua. Alishika nyundo yake ndogo ya shaba. Kigingi kikatoka kwa pigo la pili, na mpini, kwa sababu ya chumvi, ulivuka kwa mlio wa kukwaruza.

Hakukuwa na jina la mhunzi wa Kijapani. Palikuwa na tundu.

Tundu la kigingi kwenye upanga wa kweli limetobolewa kwa mkono na haliwi mviringo kamili. Hili lilikuwa mviringo safi, kubwa kupita kiasi, limezibwa nusu kwa kipande cha shaba ili kigingi kikae. Maisha yake yote Tikyo alikuwa amelala chini ya magari akifungua springi. Tundu lile la katikati, ambamo bolti hupita kuzifunga bapa za springi pamoja, angelitambua akiwa amefumba macho. Upanga wa baba yake ulikuwa nusu ya bapa la springi ya gari la jipi la Kimarekani. Na jipi za Kimarekani hazikukanyaga Leyte mpaka Wajapani walipokuwa wanakimbia.

Chini ya tundu palikuwa na mistari mitatu iliyokutana. Mguu wa kuku.

Aliiweka nyundo chini. Alijisikia mjinga, mjinga mtupu, halafu akajisikia ameibiwa, halafu akamkasirikia marehemu baba yake kwa hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo baba alipokuwa hai.

Pido alikuwa ameingoja siku hii tangu mwaka uliopita. Alikuwa hata ameandaa maneno. Lakini alipouona uso wa mzee maneno yakampotea. Aliuchukua mpini, akaurudisha mahali pake taratibu, akapachika kigingi.

"Ufunge, Mano. Sisi hatukuona kitu."

"Umeona."

"Mimi nauza chakula cha kuku, nitaona nini? Nitaandika umefunguliwa na ni sawa. Watoto wa shule wanaimba habari za baba yako. Uweke kwenye kitambaa chako chekundu, basi, yaishe."

"Wako niliuweka kwenye meza ya aibu."

"Wangu haukuwa na baba," alisema Pido. "Haya, nenda nyumbani."

Tikyo aliutia upanga kwenye gunia, akapanda baiskeli ya abiria. Mwendeshaji alimsalimia, akamuuliza kama maonyesho yako tayari. Tikyo alimjibu kwa mkono. Njia nzima alilipima jambo hilo: akinyamaza, ni watu wawili tu wanaojua, na mmoja ameshaapa hajui. Akisema, baba yake, ambaye mji unamwita shujaa, atakuwa mtu wa kuchekwa na watu wanaokula karanga. Lakini akinyamaza, kila feki aliyoianika miaka yote hii atakuwa ameianika bure, na yeye mwenyewe atakuwa mwongo wa kuwekwa kwenye Meza ya Aibu.

Mana Rosing alikuwa uani, anapasua fenesi bichi kwa panga la jikoni. Alikuwa karibu kufikisha miaka themanini na bado hakumruhusu mtu kumpasulia chochote. Tikyo aliutoa upanga ndani ya gunia, akauweka mbele yake, juu ya maganda.

"Mana, baba alikuwa mwongo?"

Dada yake aliuangalia upanga, kisha akauangalia uso wake.

"Umeufungua."

"Nimeufungua. Ni springi! Springi ya jipi, Mana! Baba hakumuua mtu yeyote pale mtoni. Aliununua kwa tapeli akatuambia hadithi, na mimi nimekwenda nayo hadithi hiyo maisha yangu yote kama kondoo!"

"Hakuununua." Mana Rosing aliendelea kupasua. "Baba akanunue upanga kwa pesa gani?"

"Sasa aliutoa wapi?"

"Hapa. Pale penye banda la kuku ndipo tanuri lilipokuwa. Yeye anapiga, mimi navuta mivukuto. Wewe ulikuwa bado tumboni kwa mama."

Tikyo aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Vita vilipoisha hatukuwa na kitu," alisema dada yake. "Mpunga umeungua, nyati wetu wameliwa. Wamarekani walikuwa na kila kitu kwenye makopo, na walichotaka ni panga za Wajapani. Baba akapata springi kwenye jipi zilizoharibika. Upanga mmoja, sanduku la nyama ya kopo. Mwingine, gunia la unga na maziwa. Wewe ulizaliwa na kilo nyingi kuliko sisi wote. Ulidhani ni kwa sababu gani?"

"Na mto? Na yule afisa?"

"Hilo lilikuwa la polisi wa jeshi. Walikuja kumtafuta anayetengeneza feki, kwa sababu mkubwa mmoja alikuwa ameuziwa. Upanga huo ulikuwa umeshakamilika, uko pale juu ya mkeka. Wakamuuliza, huu umeutoa wapi? Majirani wote wamesimama. Angesema nini? Akasema nimemuua mwenyewe. Wakamshika mkono, wakampa sigara, mmoja akampigia saluti. Tangu hapo angeurudisha vipi ulimi wake? Kila mtu alishasikia."

"Na wakati wa vita wenyewe? Alikuwa wapi?"

"Mlimani. Amenibeba mimi mgongoni na mama anaharisha damu. Mtu mwenye mzigo huo anavizia nani mtoni?"

Hasira ikampanda Tikyo upya. "Na wewe umenyamaza! Umekaa juu ya paa na mimi, nimehatarisha roho kwa ajili ya springi, umenyamaza!"

"Ulikuwa mtoto mdogo wa shule ulipokuja nyumbani umevunjwa jino, unamtetea baba kwamba ni shujaa. Nikuambie nini, na damu inakutoka? Halafu ukakua, ukawa mkali, ukawa na meza yako ile. Nikuambie saa ngapi?"

"Sikuamini," alisema Tikyo. Lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeamini.

Mana Rosing alifuta panga la jikoni kwenye sketi yake, akampa, mpini mbele. Ni panga alilolifua baba yao, lilimlea kila mtu nyumba ile, na mpini wake wa mbao ulikuwa umechakaa kwa kufuata vidole vya dada.

"Litoe mpini. Na ukilivunja utalitengeneza leo leo, mchuzi unanisubiri."

Aliugonga msumari ulioushika mpini, akauvua. Ulimi wa chuma ndani ya mbao ulikuwa mweusi wa moshi na mafuta ya miaka. Juu yake palikuwa na mistari mitatu iliyokutana. Baba yake aliiweka alama yake ndani ya mpini, kama wahunzi wa zamani walivyofanya, ili kazi ikirudishwa kwa kunolewa aitambue, na asiyehusika asiijue.

Basi hapo Tikyo ndipo alipojiinamia. Fundi njaa. Alikuwa amelisema neno hilo kila Oktoba, kwa sauti, mbele ya watu, wakacheka, naye akawaongezea. Alilisema tena sasa, polepole, kumwambia dada yake alichofanya.

"Njaa ilikuwepo," alisema Mana Rosing. "Wewe ndiye uliyeishibia. Haya, lipe panga langu mpini wake."

Siku ya maonyesho uwanja wa mpira wa kikapu ulijaa tangu asubuhi. Wanafunzi walipanga mstari, bendera zikapepea, mtu akauza suman, wali wa nazi uliofungwa majanini, kwenye ungo. Katikati, kitambaa chekundu kilikuwa kimetandikwa tayari na Pido mwenyewe. Alipomwona Tikyo akiingia na gunia alimkonyeza: weka, yaishe.

Tikyo alikipita kitambaa. Alikwenda moja kwa moja hadi Meza ya Aibu, akautoa upanga, akauvua mpini mbele ya watu wote, akaulaza uchi kando ya zile feki nyingine tatu za Jogoo. Watoto waliacha kelele. Mwalimu wao alisogea akidhani mzee amechanganyikiwa.

"Upanga huu haukutoka mtoni," alisema Tikyo. "Hakuna afisa aliyeuawa. Baba yangu aliutengeneza baada ya vita, kwa springi ya jipi. Na hizi tatu alizitengeneza yeye. Yule Jogoo niliyewachekesha naye ni baba yangu. Kama kuna wa kuchekwa, aliyeshindwa kuijua kazi ya baba yake ni mimi hapa, nichekeni."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mwalimu alijikohoza, na mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini kwamba basi ule wimbo wa shule itakuwaje. Tikyo aliisikia, ikamchoma, akasimama hivyohivyo.

Ndipo Mana Rosing aliposhuka kwenye baiskeli ya abiria, amevaa gauni la kanisani na viatu vilivyombana. Watu walimpisha. Hakuutazama upanga wa nyumbani, huo aliujua. Aliinamia zile tatu ambazo mipini yake ilikuwa bado ina nyuzi za zamani, akazipapasa moja baada ya nyingine.

"Lo!" alisema. "Hizi bado zipo?"

"Usizishike, Mana, zina jasho la miaka," alisema Tikyo kwa mazoea.

"Jasho la nani? Langu. Nyuzi hizi nilizungusha mimi. Ni kamba za miamvuli ya askari ya kurukia kutoka kwenye ndege, zilinikata vidole mpaka nikalia. Baba akasema mwanangu unazungusha kinyume. Nikamwambia mimi ni wa mkono wa kushoto, kama hataki atafute mtoto mwingine." Akacheka kicheko cha msichana. "Akasema acha, Wamarekani hawatajua."

Tikyo aliutazama mkono wa dada yake wa kushoto juu ya nyuzi zile, nyuzi ambazo aliwafundisha watu kwa miaka mingi kuzitambua na kuzidharau, na machozi yakamtoka bila hata kujaribu kuyazuia. Mkono huo ulikuwa umempakulia chakula tangu alipozaliwa.

Pido alikuwa amesogea. "Mana, samahani, huu wa kwangu," akaonyesha ule uliorudi kutoka Amerika, "huu mliubadilisha kwa kitu gani?"

Mana Rosing aliugeuza mpini, akatafuta fundo. "Huu fundo limelegea. Nilikuwa nasinzia. Hizi zilikuwa za mwisho mwisho, mama yuko karibu kujifungua. Nadhani maziwa."

"Maziwa!" Pido akawageukia watu kama aliyeshinda bahati nasibu. "Wa kwangu ulikuwa wa maziwa!"

Tikyo alichukua kipande cha kadi na kalamu. Akaandika kwa herufi kubwa: ANSELMO BADIOLA, MHUNZI, PALO. Akaisimamisha mbele ya panga.

Dada yake aliisoma, midomo ikitembea.

"Na mimi je?"

Tikyo aliichukua kadi tena. Chini ya jina la baba yake akaongeza: NYUZI ZIMEZUNGUSHWA NA BINTI YAKE ROSENDA, MKONO WA KUSHOTO. Mana Rosing alimwambia aandike pia kwamba alikuwa na miaka tisa, akaandika. Pido alikuwa ameshaking'oa kile kibao cha juu ya meza, na sasa alikuwa anapenya katikati ya wanafunzi kwenda kuleta kitambaa chekundu.